Waya Mweusi

Nikabonyeza kijiti: kimya.
Wipa zinakwenda, ndiyo, zinakwaruza kioo kikavu
kama mtu anayekuna mkate ulioungua,
na chumvi ya barabarani ikazidi kutandaa
hadi lori la mbele likawa ukungu wenye taa mbili nyekundu.
Nilifika nyumbani kutoka zamu ya usiku
kichwa nimekitoa dirishani, mwezi wa Januari.

Goole. Mji wa kreni na tope la mto Ouse,
na minara miwili ya maji, mmoja mnene, mmoja mwembamba,
ambayo wenyeji huiita chumvi na pilipili.
Maji yote hayo angani, nikamwambia Zenon wa nyumba ya pili,
na mimi sina hata tone la kuoshea kioo.
Akacheka, akaenda kuleta mita.
Kiingereza chake kinachechemea, changu kinachechemea;
tunaelewana kama watu wanaopandisha kabati ngazini:
shika, kushoto, polepole, hapo.

Chupa ina maji. Nimeyatia mwenyewe, ya buluu, yasiyoganda.
Fyuzi nzima. Niliichomoa nikaitazama juani,
jua lenyewe la kubahatisha.
Nikamwambia binti yangu abonyeze, sikio nimeliinamisha kwenye injini.
Pampu inayokufa hulalamika, hukoroma;
hii haikusema kitu.
"Pampu, kwisha," akasema Zenon.
Duka la vipuri lilishanitajia: pauni thelathini na nane,
na wiki nzima kungoja,
kwa Nissan iliyozaliwa kabla ya Salha.
Na mkaguzi wa mwaka ananisubiri Jumanne.

Lakini mimi nimelelewa na fundi cherehani.
Kwetu mkasi hautangulii futi.

Basi tukapima.
Tukalala kando ya tairi, juu ya kadibodi la friji,
tukachomoa plagi ya pampu, meno yake ya shaba yameota ukijani.
Sindano nyekundu kwenye waya wa buluu,
sindano nyeusi kwenye hasi ya betri.
Salha, bonyeza!
Kumi na mbili nukta nne.
Umeme upo. Umefika mlangoni, umevua viatu.

Sindano nyeusi sasa kwenye waya mweusi wa plagi.
Salha, bonyeza!
Sufuri.
"Nimebonyeza, mama. Kidole kinauma."
Sufuri tena.

Nikakaa kitako kwenye baridi.
Umeme una njia ya kuja, hauna njia ya kurudi.
Huo waya mweusi mafundi huuita wa ardhi,
na ardhi ya gari ni bati lake lenyewe.
Zenon akanitazama. Nikamtazama.
Miaka kumi na mmoja yeye hapa, kumi na mitatu mimi,
nikajua anachotaka kusema.
Usiseme, nikamwambia.
Hiki si kitendawili. Ni kutu.

Tukaufuata waya kwa vidole, nyuma ya taa,
ndani ya utepe mweusi uliofungwa na mtu tusiyemjua,
hadi chini ya kitako cha betri:
bolti moja, na pete ya waya iliyovimba, ya kahawia,
kama kitumbua kilichosahauliwa kwenye mafuta.
Spana namba kumi. Bolti ikalia, ikakubali.
Msasa hatukuwa nao; nilikuwa na tupa ya kucha.
Nikasugua hadi bati likang'aa kama jino jipya.
Grisi pia hatukuwa nayo,
nikapaka mafuta ya mgando ya mfukoni,
yale ninayowapaka wazee midomo saa tisa za usiku,
wanapoamka wakiita majina nisiyoyajua.

Salha, bonyeza.

Ikanguruma. Kwanza povu, kisha maji,
yakaruka juu ya paa, yakampata Zenon shingoni,
akapiga kelele kwa lugha yake, tusi au dua, sikuuliza.

Tundu la kushoto bado limeziba.
Hilo ni la pini, na kesho.